Wazazi Wajue Watoto Wanasoma Nini Kila Wiki: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

"Leo mmesoma nini shuleni?"

"Hatujasoma kitu."

Kila mzazi wa mtoto wa shule ya msingi anayajua mazungumzo haya. Na kila mwalimu anajua kwamba siku hiyohiyo darasa lilisoma hadithi, likafanya hesabu ubao mzima, kisha likabishana kwa nini kivuli hurefuka jioni. Mtoto hadanganyi. Ameulizwa swali pana mno, tena akiwa amechoka na ana njaa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kumpa mzazi swali bora la kuuliza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kuu ya taarifa ya wiki, na matangazo ya vikao na sare yanakuja baadaye. Ukiipanga vizuri, kazi yote haikuchukui zaidi ya nusu saa kwa wiki.

Hatua ya 1: Amua taarifa itamsaidia mzazi kufanya nini

Taarifa nyingi hazisomwi kwa sababu zimenakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye azimio la kazi: "Hisabati: matendo ya namba. Kiswahili: kukuza stadi ya kusoma. Sayansi: mazingira yetu." Mzazi akisoma hayo anajua nini? Anajua kwamba shule imefunguliwa, basi. Lugha hiyo iliandikwa kwa ajili ya mwalimu mkuu na mkaguzi, na kwao inafaa. Mzazi anahitaji kitu cha kushika.

Kwa hiyo, kila sentensi unayotaka kuandika ijaribu kwa swali hili: mzazi akishaisoma, atamuuliza mtoto nini, atafanya naye nini, au atamwandalia nini? Ukikosa jibu, ifute bila huruma.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mjini San Francisco, katika mwaka wa masomo 2013–2014, watafiti Benjamin York na Susanna Loeb walijaribu programu iliyoitwa READY4K. Wazazi wa watoto wa shule ya awali walitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara tatu kwa wiki: wa kwanza ukieleza jambo moja kuhusu namna mtoto anavyojifunza kusoma, wa pili ukitoa kitendo kimoja kidogo cha kufanya nyumbani, wa tatu ukimtia mzazi moyo na kukiendeleza kitendo kilekile. Wazazi hao walifanya shughuli nyingi zaidi za kusoma na watoto wao, na watoto wakafanya vizuri zaidi katika baadhi ya stadi za awali za kusoma. Tazama ukubwa wa vitendo vyenyewe: mwonyeshe mtoto herufi ya kwanza ya jina lake kwenye mabango. Hakuna kitabu cha kununua, wala saa nzima ya kukaa mezani.

Hatua ya 2: Wafahamu wanaopokea

Mwanzoni mwa muhula, kabla ya taarifa ya kwanza, tuma fomu fupi nyumbani au uliza katika kikao cha wazazi. Maswali matano yanatosha: nani anakaa na mtoto jioni, namba ipi ya simu inapatikana, anapenda kupata taarifa kwa lugha gani, saa ngapi anaweza kusoma, na kwa njia ipi.

Swali la mwisho liandike kwa uangalifu. Ukiuliza "Unajua kusoma?" utapata "ndiyo" nyingi ambazo si za kweli, na hakuna wa kumlaumu. Uliza hivi: "Ungependa kupata taarifa kwa maandishi, kwa sauti, au kwa kupigiwa simu?" Mlezi asiyesoma atachagua sauti bila kujieleza kwa mtu. Asiyeona vizuri naye vilevile, na anayekaa barabarani muda mrefu pia.

Usidhani anayelipa ada au aliyejaza fomu ya kujiunga ndiye anayekaa na mtoto. Bibi, kaka mkubwa au shangazi ndiye anayeweza kuwa anakagua madaftari. Wazazi wakiwa wametengana, waulize kama wote wawili wangependa kupata taarifa, kisha watumie kila mmoja kwa namba yake. Mtoto asigeuzwe tarishi kati ya nyumba mbili.

Hatua ya 3: Chagua njia moja kuu na uishike

Mwalimu anayetuma mara karatasi, mara kundi la WhatsApp, mara barua pepe, huwafundisha wazazi kutotazama popote. Chagua njia inayowafikia wengi, wachache waliobaki uwatafutie njia yao.

Ujumbe mfupi wa simu unafika kwenye simu yoyote, hata ya batani. Kikomo chake ni herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukizidisha, simu inaukata vipande na unalipia kila kipande. Kuna mtego mmoja ambao walimu wengi hawaujui. Ukiweka hata kikaragosi (emoji) kimoja cha uso unaocheka, kikomo hushuka hadi herufi 70. Hali huwa hiyohiyo ukinakili maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia nyaraka, kwa sababu programu hizo hugeuza alama ya ng'ombe na ng'ambo kuwa ile iliyopinda, na alama hiyo haimo katika seti ya kawaida ya ujumbe mfupi. Ukiona ujumbe mfupi kabisa umehesabiwa kuwa miwili, tafuta alama hiyo kwanza. Andika moja kwa moja kwenye simu.

Kundi la WhatsApp ni rahisi kuanzisha na gumu kutawala. Namba ya kila mzazi inaonekana na wote, na ikifika Jumapili taarifa yako imezama chini ya salamu, matangazo ya biashara na video za kuchekesha. Kama ni lazima uwe na kundi, weka mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe, na uwaeleze wazazi sababu siku ya kwanza, kabla mtu hajaona amezibwa mdomo. Mimi napendelea orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list): unaandika mara moja, kila mzazi anapokea kana kwamba umemwandikia yeye peke yake, na akijibu, unasoma wewe tu. Sharti lake ni kwamba ujumbe huo humfikia tu mzazi aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza simama, waombe watoe simu, waihifadhi namba pale pale.

Karatasi bado ina nguvu yake, hasa kwa madarasa ya chini. Bandika taarifa ndani ya daftari la mawasiliano, weka mstari wa mzazi kusaini. Karatasi ya kuelea hufia chini ya mkoba.

Hatua ya 4: Kusanya habari kidogokidogo

Usisubiri Ijumaa mchana ndipo uanze kujiuliza wiki ilikwendaje. Weka ukurasa mmoja nyuma ya daftari lako la maandalio, na kila siku kabla ya kutoka darasani andika mstari mmoja: kitu kilichowakwama watoto, kilichowafurahisha, au swali lililoulizwa na mtoto ambalo hukulitarajia. Hayo ndiyo mambo ambayo azimio la kazi halina. "Tumejifunza mimea" mzazi atalisahau. "Tumepanda mbegu kwenye vikopo viwili, kimoja tumekifungia kabatini, na darasa limegawanyika kuhusu kitakachoota vizuri zaidi" atamuuliza mtoto habari zake hadi wiki ijayo.

Hatua ya 5: Andika

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Muundo usibadilike wiki hadi wiki, ili mzazi ajue jicho liende wapi. Mimi natumia sehemu nne: tunachojifunza, swali la kumuuliza mtoto, jambo moja la kufanya nyumbani, na tarehe za kukumbuka. Usitaje masomo yote. Chagua mawili, matatu yakizidi, na wiki inayofuata uchague mengine.

Tuseme darasa la pili linajifunza kutoa kwa kukopa. Mwalimu mwenye haraka ataandika "Hesabu: kutoa, tarakimu mbili." Mzazi mwenye nia njema ataketi na mtoto, atampa 52 kutoa 27, na baada ya dakika tatu wote wawili watakuwa wamekasirika. Kwa nini? Kwa sababu darasani mtoto ameelezwa kwamba 2 haitoshi kutoa 7, kwa hiyo tunachukua kumi moja kutoka kwenye makumi matano, yanabaki manne, mamoja yanakuwa 12. 12 kutoa 7 ni 5, manne kutoa mawili ni mawili, jibu 25. Mzazi naye huenda alifundishwa kuongeza kumi juu na moja chini, asiguse ile 5, na kuufanya ule 2 wa 27 kuwa 3. Au anahesabu kwenda juu: kutoka 27 hadi 30 ni 3, kutoka 30 hadi 52 ni 22, jumla 25. Njia zote tatu ni sahihi. Lakini mtoto wa miaka saba aliyeishika moja nusunusu, akipewa nyingine usiku huohuo, asubuhi anakuja hana hata moja.

Taarifa inayomsaidia mzazi huyo iko hivi:

*Wazazi na walezi wapendwa, habari za wiki. Katika Hesabu tunajifunza kutoa kwa kukopa, kama 52 – 27. Watoto wanaanza na mamoja. Yasipotosha, wanachukua kumi moja kutoka kwenye makumi. Wengi bado wanasahau kupunguza makumi baada ya kukopa, na hilo ni la kawaida kwa hatua hii.*

*Muulize: "Ukikopa kumi, ile 5 inabaki ngapi, na kwa nini?"*

*Nyumbani: mpe maswali mawili tu, naye akueleze kila hatua kwa sauti. Kama wewe ulifundishwa njia nyingine, isubirishe kwanza mpaka ya darasani imkae. Baadaye mwonyeshe, ataifurahia.*

*Katika Kiswahili tunasoma kwa kufuata alama za uandishi. Mwombe akusomee aya moja, usikilize kama anatua penye nukta.*

*Imla ni Alhamisi ijayo. Asanteni kwa ushirikiano. Mwalimu wa Darasa la 2B.*

Angalia ile sentensi inayotaja kosa la kawaida. Ni fupi, lakini ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, maana inamwambia mzazi atazame wapi na inamwondolea hofu kwamba mtoto wake peke yake ndiye anayeshindwa. Kila wiki itafute sentensi ya aina hiyo.

Swali la kumuuliza mtoto lisiwe la kujibika kwa "ndiyo" au "hapana". "Mmesoma kuhusu maji?" litazaa "ndiyo" na kimya. "Maji yaliyomwagika sakafuni yanakwenda wapi yakikauka?" litazaa hadithi, pengine ya uongo kidogo, lakini mtoto ataongea. Na kabla ya kulituma, waulize watoto wenyewe darasani. Wakishindwa kulijibu, mzazi atadhani hukufundisha.

Lugha iwe ya mezani. Huna haja ya "ufahamu wa fonimu". Sema "kutambua kuwa neno *baba* linaanza na sauti ileile ya *bata*". Badala ya "umahiri mahususi", sema mtoto ataweza kufanya nini. Mzazi msomi hatajiona amedharauliwa kwa kuandikiwa kwa lugha nyepesi. Atashukuru, maana naye anasoma amesimama.

Kwa wenye ujumbe mfupi, punguza hadi kiini:

*Wiki hii Hesabu: kutoa kwa kukopa. Mpe mtoto 52-27, mwambie akueleze kila hatua. Usimpe njia nyingine kwa sasa. Imla ni Alhamisi. Mwl wa Darasa 2B*

Hiyo ni herufi 146, inaingia kwenye ujumbe mmoja. Kwa wanaopenda sauti, jirekodi ukisoma taarifa ndefu polepole, isizidi dakika moja na nusu, na utaje darasa lako mwanzoni kabisa kwa sababu mlezi anaweza kuwa na watoto watatu.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kutuma

Hakikisha siku na tarehe zinaoana. Tafuta majina: hakuna jina la mtoto linaloingia kwenye taarifa ya wote, si kwa kulaumu wala kwa kusifu. Ukisifu watano, wazazi waliobaki watasoma orodha hiyo kama orodha ya walioachwa. Picha za watoto zisitumwe bila idhini ya maandishi ya wazazi wao, na hata ukiwa nayo, picha ya kazi yenyewe, yaani daftari, mchoro au vile vikopo vya mbegu, mara nyingi inaeleza zaidi kuliko sura. Kisha mpe mwalimu mwenzako aisome. Kama taarifa hufika kwa mwalimu mkuu, ifike kabla ya kwa wazazi.

Hatua ya 7: Tuma siku ileile, saa ileile

Ijumaa au Jumatatu? Walimu hubishana. Mimi nasimama na Ijumaa mchana. Kilichofundishwa wiki hiyo bado kibichi kichwani mwa mtoto, mzazi ana siku mbili za kukijaribu, nawe hulazimiki kuahidi mada ya wiki ijayo ambayo pengine hutaifikia. Anayependa Jumatatu ana hoja pia, hasa kama kuna vifaa vya kuleta. Kisichofaa ni kubadilisha badilisha. Taarifa ya kawaida inayokuja kila Ijumaa humfaa mzazi kuliko nzuri mno inayokuja ukipata nafasi. Usitume usiku, ukituma saa nne usiku, utajibiwa saa nne usiku.

Hatua ya 8: Weka utaratibu wa majibu

Sema wazi tangu mwanzo ni saa zipi unajibu, na uzifuate wewe kwanza. Mzazi akileta lalamiko mbele ya wazazi wenzake kwenye kundi, jibu kwa sentensi moja ya heshima, kwamba umeliona na utampigia, kisha umpigie kweli. Usijitetee hadharani hata kama una haki.

Taarifa ya wote haitoshi peke yake, maana mzazi mwishowe anataka kujua habari za wake. Hapa pana utafiti mwingine, wa Matthew Kraft na Todd Rogers, uliochapishwa mwaka 2015. Katika masomo ya likizo ya wanafunzi wa sekondari Marekani waliokuwa wanarudia masomo waliyofeli, wazazi walipelekewa ujumbe wa sentensi moja kila wiki kutoka kwa mwalimu kuhusu mtoto wao. Wanafunzi walioshindwa kufaulu masomo hayo walipungua kutoka asilimia 15.8 hadi 9.3. Wale walikuwa wakubwa kuliko wa kwetu, kwa hiyo usiyachukue matokeo hayo kama ahadi. Lakini ukubwa wa ujumbe unafundisha. Sentensi moja.

Kwa darasa la watoto 45 huwezi kumwandikia kila mzazi kila wiki. Gawa majina: watano kwa wiki, na baada ya wiki tisa umewapitia wote. Sentensi iwe na kitu ulichokiona kwa macho: "Wiki hii amesoma aya nzima bila kufuatisha kidole, sasa tunataka atue penye nukta." Usiandike "anaendelea vizuri", kwani mzazi hana la kufanya nalo. Wazazi waliozoea kuitwa shuleni kwa mabaya tu, waanze wao kwenye orodha, na kwa habari njema ya kweli.

Hatua ya 9: Mtoto awe mleta habari

Wapo ambao hakuna njia itakayowafikia: simu imepotea, namba imebadilika, daftari halifunguliwi. Kwa hao, na kwa kweli kwa wote, tumia dakika kumi za mwisho za wiki darasani. Andika ubaoni "Wiki hii nimejifunza…" na "Nionyeshe…", kila mtoto amalizie katika daftari lake, wadogo wachore. Kisha wafanye mazoezi wawiliwawili: mmoja mzazi, mwingine mtoto, aulize swali la wiki, ajibiwe. Mtoto aliyekwisha kulijibu mara moja kwa sauti hatasema "hatujasoma kitu". Watoto wanaoigiza wazazi hukunja nyuso na kushika viuno vizuri sana, vumilia kelele.

Hatua ya 10: Pima kama inafanya kazi

Alama mbili za buluu zinaonyesha kuwa ujumbe umefunguliwa, hazionyeshi kuwa umetumika. Kipimo chepesi kiko darasani kwako Jumatatu asubuhi: "Nani aliulizwa swali la wiki nyumbani?" Hesabu mikono, iandike, usimwaibishe ambaye hakuinua. Mikono ikipungua wiki tatu mfululizo, tatizo ni swali, siku, au njia, kwa mpangilio huo. Mara moja kwa muhula wapigie wazazi watatu, wachague miongoni mwa wasiojibu kamwe, uwaulize sehemu ipi wanaisoma na ipi wanairuka. Wanayoiruka wote, iondoe.

Na ile wiki iliyoharibika, ya mitihani, ya mvua, ya wewe kuugua? Tuma mistari miwili. "Wiki hii hatukuanza jipya, tumerudia kutoa kwa kukopa. Swali ni lile la wiki iliyopita. Safari hii mpe 63 – 38." Mzazi atakuelewa, na Ijumaa yako haitakuwa imeruka.